Nilifika Namba Ngapi?

Mama alikuwa na namna yake ya kutunyamazisha usiku. Mmoja wetu akianza kucheka chini ya blanketi na wengine wakadakia, yeye alipaza sauti kutoka chumba cha pili: "Nyie, mnataka kuwa wa Kashasha?" Tukafyata. Hatukujua Kashasha kulitokea nini, ila tulielewa kwamba kucheka kuna mpaka, na kwamba kuna watoto wa watu waliouvuka wakarudishwa makwao na masanduku yao.

Nimezaliwa upande wa Kamachumu, nikafundisha somo la dini na Kiswahili katika shule za sekondari za huku Muleba hadi nilipostaafu. Ripoti ya mambo yale niliisoma nikiwa mtu mzima, na kilichonishangaza kwanza ni ufupi wake. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, maili kama 25 kutoka Bukoba mjini, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Wakati ule Muleba, ambamo Kashasha imo leo, ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Bukoba. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wa umri wa miaka 12 hadi 18. Ikafunguliwa Mei 21; wakapatwa wasichana 57, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Siku kama kumi baada ya kufungwa mara ya kwanza, jambo hilo liliibuka Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana: watu 217 katika wakazi wapatao 10,000. Juni likaingia shule ya wasichana ambayo ripoti inaiita Ramashenye. Sisi tunapafahamu kama Rwamishenye, siku hizi ni sehemu ya mji. Huko walipatwa 48 kati ya 154. Likafika pia Kanyangereko, na shule mbili za wavulana zikafungwa.

Walioandika hayo ni madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, na yalichapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Hali ilikuja kwa vipindi, dakika chache au saa kadhaa, kisha utulivu, kisha tena. Kwa wengine ilifika siku 16. Walicheka, walilia, walihangaika, na wakishikwa kwa nguvu baadhi walipigana. Wapo waliosema wanahisi vitu vinatembea kichwani na kwamba kuna mtu anawafukuza. Damu ilipimwa, hata maji ya uti wa mgongo, na hakikuonekana kitu. Hakuna aliyekufa.

Nayaeleza kwa urefu kwa sababu ng'ambo kisa chetu kimegeuzwa kichekesho: eti kijiji kizima cha Tanganyika kilicheka mwaka mzima bila kupumua. Hakuna mbavu za binadamu zinazoweza hilo. Mwanaisimu Christian Hempelmann alijitahidi kuwasahihisha katika makala yake ya mwaka 2007: hapakuwa na utani, hapakuwa na furaha, na kicheko kilikuwa dalili moja tu miongoni mwa nyingi. Lakini kicheko ndicho kilichobaki na jina. Kwa Kihaya waliita enwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Asiyetaka maneno mengi akasema akajanja, wazimu.

Watu walitafuta sababu kila mahali. Ripoti yenyewe inasema wapo walioamini kuwa hewa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Tusiwacheke. Urusi ilikuwa imelipua bomu kubwa kuliko yote Oktoba 1961, na Ufaransa ilikuwa ikijaribu ya kwake katika jangwa la Sahara. Mtu wa Nshamba mwenye redio alikuwa na haki ya kuyatazama mawingu kwa mashaka. Waandishi wa baadaye wakaihusisha na Uhuru. Desemba 9 bendera imepandishwa, Januari 22 Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Kawawa, siku nane baadaye wasichana wanaanza kucheka. Tarehe zinapangika vizuri mno, ndiyo maana siziamini. Benjamin Kagwa, tabibu wa akili wa Uganda, aliandika mwaka 1964 akikiweka kicheko cha Bukoba pamoja na wazimu wa kukimbia uliotokea Kigezi na Mbale mwaka 1963, akaona humo watu waliong'olewa kwenye imani za wazee wao kabla hawajaota mizizi katika mpya. Huyo angalau alikuwa mtu wa pande hizi.

Swali langu mimi ni la somo nililofundisha. Msichana anayecheka bila kutaka, kicheko hicho ni chake? Kama si chake, cha nani? Na kama ni chake, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo ambalo limetoka mdomoni mwake lakini hakuliagiza?

Ningeliacha swali hilo vitabuni kama lisingekuja kunikuta kazini, siku ya sherehe.

Ilikuwa mahafali ya kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Mahafali kwetu ni sikukuu. Wazazi walitoka Izigo, Nshamba na Muhutwe, wengine Bukoba mjini, na mikungu ya ndizi kwenye keria za baiskeli. Turubai lilikuwa la kuazima kanisani, viti vya kukodi, na ebitoke na maharage vilikuwa jikoni tangu alfajiri. Mgeni rasmi alichelewa. Wahitimu walikaa juani na sare zao mpya, mashada ya karatasi za kung'aa shingoni, wengi tumboni wakiwa na uji wa asubuhi tu, wakinyanyuka kuimba kila gari lilipopita barabarani na kuketi tena likishapita.

Kila aliyepita shule za Tanzania anaijua risala ya wahitimu. Ina salamu, ina shukrani, ina mafanikio, halafu ina changamoto zenye namba. Aliyepewa kuisoma alikuwa kiranja wa bweni, msichana mpole mwenye sauti nzuri, aliyekuwa ameifanyia mazoezi mpaka wenzake wakaijua kwa moyo. Akasoma vizuri mpaka pale: "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo. Moja, upungufu wa matundu ya vyoo. Mbili, ukosefu wa maji ya uhakika. Tatu..." Akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyejikwaa ulimi. Wageni wakatabasamu. Akajikaza, akarudia "Tatu", akacheka tena, na safari hii hakikukoma. Sauti ilipanda, ikawa kali, ikageuka kilio, ikarudi kuwa kicheko, naye ameshika karatasi kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anatutazama sisi walimu mmoja baada ya mwingine. Kutoka safu ya pili mwingine akaanza. Kisha watatu kwa mpigo. Viti vikaanguka, wazazi wakasimama kila mmoja akiita jina la mwanawe. Mkuu wa shule akampungia fundi wa muziki aongeze sauti, na kwaya ya mjini ikanguruma kwenye spika mbili kubwa juu ya vilio, mpaka mtu mmoja mwenye akili alipochomoa waya.

Katika robo saa ile nilisikia karibu kila jibu ambalo dunia inalo. Mchungaji aliyekuwa amekuja kufungua kwa sala aliweka mikono vichwani, akikemea kwa jina la Yesu. Bibi mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa Kihaya kwamba mlima ule zamani ulikuwa na mwenyewe, na kwamba Mugasha wa ziwani hapitwi bila kusalimiwa. Mwalimu wa taaluma alisema ni mtihani wa Novemba, basi. Mzazi mmoja, kanzu safi na koti juu yake, alisema hawa wanajifanya, leteni fimbo muone. Muuguzi wa zahanati alipima joto na mapigo ya moyo, akasema haoni ugonjwa anaoujua, akaomba maji na kivuli. Mpishi mkuu naye alinijia pale chini nilipokuwa: "Madam, tupakue au tusipakue?"

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, kichwa cha msomaji wetu mapajani mwangu, matroni akimfunika kanga miguuni. Katikati ya wimbi moja na jingine alifungua macho, akanitambua, akauliza kwa sauti yake ya kila siku:

"Madam, nilifika namba ngapi?"

"Tatu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha likamchukua tena.

Swali hilo limenikaa kuliko majibu yote ya watu wazima waliokuwa wamesimama juu yetu. Aliyechukuliwa na pepo, kwa jinsi tunavyofundishwa, hajui alifika namba ngapi. Anayejifanya hajali. Huyu alikuwapo, kazi aliyopewa anaikumbuka, anataka kuimaliza, na bado mwili wake ulikuwa unafanya jambo ambalo hakulituma. Yote mawili kwa wakati mmoja, mbele ya macho yangu.

Ukiyatazama majibu yale kwa makini, mengi yanafanya kazi moja: yanakitafutia kicheko mwenyewe mwingine. Mchungaji alisema mwenyewe ni pepo. Bibi alisema ni Mugasha. Mwalimu wa taaluma alisema ni hofu, na hofu katika mdomo wake ilikuwa kitu kinachoingia kwa mtu kutoka nje, sawasawa na pepo, ila kimesoma. Ni yule mzazi wa fimbo peke yake aliyempa msichana umiliki wa kicheko chake, na alimpa ili apate kumwadhibu. Hapakuwa na jibu lililosema: ni chako, na hakuna fimbo.

Jibu hilo limo katika Mwanzo, sura ya 18, na nimelifundisha miaka yote bila darasa kuchoka. Sara yuko nyuma ya mlango wa hema. Umri umekwenda. Nje wageni wanamwahidi mumewe mtoto, naye anacheka moyoni. Anaulizwa mbona amecheka. Anakana, kwa kuwa ameogopa, na anaambiwa hapana, ulicheka. Wasichana wangu walikuwa wakiuliza kila mwaka: aliadhibiwaje? Hakuadhibiwa. Alimzaa Isaka, na jina la mtoto likabeba kicheko kile. Kicheko cha Sara hakikuwa uamuzi, kilimtoka. Hakuulizwa kama alikusudia, wala hakuambiwa kuna mwingine aliyecheka ndani yake. Alirudishiwa kilicho chake, na ahadi ikabaki palepale.

Jirani yangu Mwislamu, ambaye tunabishana naye mambo ya dini tukitafuna kahawa barazani kwake, alinikumbusha kwamba Kurani nayo inamtaja mke wa Ibrahimu akicheka, katika sura ya Hud. Akaongeza kwamba sura ya An-Najm inahesabu kuchekesha na kuliza miongoni mwa kazi za Mwenyezi Mungu, jirani kabisa na kufisha na kuhuisha. "Umeona vimewekwa pamoja?" akasema. "Anayetaka kuvitenga ni binadamu." Nilipomweleza jinsi kilio na kicheko vilivyokuwa vikipishana katika koo lile moja, hakushangaa hata kidogo. Alinimiminia kahawa nyingine kiganjani.

Na kuhusu sikukuu kuingiliwa, Wakristo tunayo iliyoingiliwa kuliko zote. Yerusalemu imejaa watu kutoka kila nchi kwa ajili ya Pentekoste, mara kuna uvumi wa upepo, na kundi la Wagalilaya linasema lugha ambazo halikujifunza. Watazamaji wakagawanyika hapo hapo, kama wazazi wetu chini ya turubai. Wapo waliocheka na kusema jamaa wamelewa. Petro akasimama, na hoja yake ya kwanza ilikuwa saa: ni saa tatu asubuhi, nani amelewa saa hizi? (Kwa Mhaya hoja hiyo ina walakini. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva usiku, saa tatu asubuhi kuna watu tayari wamekaa kuizunguka.) Lakini napenda kwamba alianza na jambo ambalo kila mtu angeweza kulihakikisha mwenyewe kwa kutazama jua. Nabii Yoeli alikuja baadaye.

Wala hatuna haja ya kwenda Yerusalemu. Uamsho ulipoingia Buhaya kutoka Rwanda na Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wa milima hii walitetemeka na kulia makundi kwa makundi, wakaungama hadharani usiku kucha. Wapo wamisionari waliotishika. Kabla ya hapo palikuwa na embandwa, ambao kupitia kwao miungu ya zamani, Wamara na Mugasha, walisema, na mtu aliyekuwa amekaliwa alikuwa na watu wake wa kumzunguka, nyimbo zake, na siku ya kutoka. Sijatetea embandwa hata siku moja darasani, na sianzi leo. Nasema tu kwamba katika nchi hii mtu kufanya kwa mwili wake jambo asilolituma, akiwa katikati ya wenzake wanaofanya vilevile, si mgeni. Ugeni wa Kashasha uko pengine.

Nenda msibani. Mwanamke anashuka kwenye pikipiki njiani, anaingia kwenye migomba, na akiufikia tu wigo wa nyumba anaachia yowe. Ndani, waliokuwa wameshalia mpaka wakanyamaza, walioanza hata kuulizana habari za watoto, wanaanza upya wote. Analia kweli? Dakika mbili zilizopita alikuwa akibishana na bodaboda kuhusu nauli. Na analia kweli. Wale wa ndani wanalia kweli? Wamedakia tu kwa mwenzao, na wanalia kweli. Hakuna anayemshika mkono kuhesabu mapigo, hakuna anayesema anajifanya, na mchungaji hakemei. Kilio kinaambukiza msibani kila siku ya Mungu, nasi tunaita heshima, kwa sababu kimeandaliwa mikeka, kina watu wa kukipokea mlangoni, na kina siku ya kuanua matanga.

Kicheko cha wale wasichana hakikuwa na mkeka. Kiliwakuta darasani, kwenye mistari, katika maisha yanayoendeshwa kwa kengele, na jambo pekee ambalo shule iliweza kufanya ni kufunga mlango na kuwapeleka makwao, nako makwao hakukuwa na mkeka pia. Sisemi kwamba kukosa mkeka ndiko kulikosababisha. Sijui kilichoanzisha kicheko katika koo la yule wa kwanza wa Kashasha, na sikujua kilichoanzisha katika koo lililokuwa mapajani mwangu. Nasema kwamba tofauti kati ya msiba na wazimu, kwa mtazamaji, mara nyingi iko kwenye maandalizi.

Henri Bergson, mwanafalsafa wa Kifaransa ambaye kitabu chake juu ya kicheko kilitoka mwaka 1900, anasimulia habari ya mtu aliyeulizwa mbona hakulia kanisani wakati mahubiri yamewaliza watu wote. Akajibu kwamba yeye si wa parokia ile. Bergson anaona kicheko ndivyo kilivyo hata kuzidi machozi: kinataka wenyeji. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mstari mmoja wa ripoti ya 1963 unaopitwa haraka. Pale Kashasha walikuwapo walimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakupatwa hata mmoja. Madaktari walilitaja kama jambo la kitabibu. Mimi nililisoma kama mwalimu wa zamu. Siku ya mahafali yetu hakuanguka mwalimu, wala mpishi, wala mgeni rasmi na dereva wake. Sisi sote tulikuwa na mahali pa kwenda jioni ile, na ruhusa ya kutoka getini ilikuwa inaandikwa kwa kalamu yangu. Hatukuwa wa parokia ile.

Kwa hiyo nikiulizwa kilikuwa cha nani, nasema chao. Cha wote waliolala mabweni yale na kuamka kwa kengele ile, hata wale ambao hawakucheka. Hakikuwa cha mmoja kwa namna ambayo kitabu ni cha mtu. Ndiyo maana fimbo haikuwa na mgongo wa kuangukia. Mwanafalsafa wa mjini ataniambia kwamba tendo lazima liwe na mtendaji mmoja, la sivyo haki itakosa pa kushika. Namjibu kwamba kuna wimbo wa kwaya, na hakuna anayemuuliza sauti ya pili kama wimbo ni wake.

Mchungaji wetu, tuliporudi kulijadili miezi baadaye, alinipinga kwa jambo zito zaidi. Maandiko yanatuagiza kuzipima roho. Ukikitandikia mkeka kila kicheko kinachokuja, alisema, siku moja atakuja kukaa asiyestahili. Ana haki. Na kuna upande wa mwili pia ambao siwezi kuupuuza. Machi 2023, huku kwetu Bukoba vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko, ile Kanyangereko ya mwaka 1962, watu walianza kuugua homa na kutapika, ndugu baada ya ndugu. Ilikuwa Marburg. Walipatwa watu tisa, wakafa sita, mmoja wao mhudumu wa afya. Kama kuna mtu angesimama siku hizo akasema ni huzuni tu, tuwaache walie pamoja, tungekufa wengi. Kuna vitu vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu ambavyo havijali ni parokia gani.

Ndiyo sababu, kati ya wote waliokuwa chini ya turubai, ninayemkumbuka kwa heshima ni yule muuguzi. Alipima kwanza. Hakupata kitu. Akasema hakupata kitu, mbele ya wazazi waliokuwa wakimtaka aseme neno lolote lile, hata la uongo. Halafu akaomba maji na kivuli, vitu ambavyo havimdhuru mwenye pepo, wala mwenye hofu, wala mwongo. Nikitaka kumweleza mchungaji namna ya kupima roho namwambia aanzie pale, naye ananiambia muuguzi hakuwa anapima roho, na tunaachana hapo, maana tumekuwa tukiachana hapo miaka mingi.

Siku ile chakula kilipakuliwa saa kumi na moja jioni, kimepoa. Mgeni rasmi alikuwa ameondoka na risala yake kwenye bahasha. Wengi walitulia kufikia magharibi. Wengine walirudiwa usiku na siku mbili tatu zilizofuata, kisha yakaisha. Mtihani walifanya wote. Niliitazama nakala ya risala ofisini kuona namba tatu ilikuwa nini, nikitegemea jambo la kutisha. Ilikuwa kukosekana kwa mashine ya fotokopi.

Kikao cha walimu cha kufungua mwaka kilipitisha mambo mawili. La kwanza, mahafali yafanyike asubuhi kabla ya jua kali na wahitimu wapewe chai nzito. Hilo niliunga mkono. La pili, kuanzia sasa risala isomwe na mwalimu. Hilo nililipinga. Nilisema asiye na maji ndiye aseme hana maji, na kama sauti itakatika akifika namba tatu, basi tumsubiri. Mwalimu wa taaluma akaniuliza tumsubiri mpaka saa ngapi, na mgeni rasmi amekaa pale. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono. Nilipata mbili, yangu na ya matroni, ambaye kwa utaratibu wa kikao hakuwa na haki ya kupiga kura.